Chuo cha Ualimu Kikifunguliwa kwa Watu Wote

Majengo ya shule hubadilishwa matumizi kila siku. Bweni huwa ghala, ghala huwa maabara, na hakuna anayekosa usingizi kwa sababu hiyo. Lakini liko badiliko moja ambalo, nionavyo mimi, halifai kuachiwa wahasibu na wapimaji wa viwanja peke yao. Nalo ni kukigeuza chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya kuwaandaa walimu kiwe chuo cha jamii, yaani chuo ambacho seremala, mama wa sokoni, karani na kijana aliyekosa nafasi ya sekondari wote wana haki ya kuingia langoni na kusoma. Je, badiliko hilo ni haki? Na kama ni haki, ni haki kwa nani? Maswali haya ni ya maadili kabla ya kuwa ya utawala. Katika makala haya nakusudia kuyajadili nikiwa mwalimu wa lugha hapa Kigali, katika nchi ambayo imewajengea walimu nyumba yao zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja ikaifungua kuta zake.

Tuyatazame kwanza mambo yalivyokuwa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilianzishwa Butare mwaka 1963, kwa ushirikiano wa serikali na mapadri Wadominiko kutoka Kanada. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, palianzishwa papo hapo Butare Taasisi ya Taifa ya Ualimu, iliyokuwa na kazi moja tu: kuwatoa walimu wa shule za sekondari. Taasisi hiyo haikufikisha hata miaka ishirini. Mwaka 1981 iliunganishwa na Chuo Kikuu, na jina lake likatoweka. Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Walimu wengi waliuawa, wengine wakakimbia nchi, na wengine wakaingia gerezani kwa yale waliyoyatenda. Shule zilipofunguliwa tena, aliyejua kusoma ndiye aliyesimama mbele ya ubao. Ndipo mwaka 1999 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu ya Kigali, ambayo sote tuliizoea kwa herufi zake tatu, KIE. Mwaka 2001 taasisi hiyo ilianza pia mafunzo ya mbali, ili mwalimu aliyekwisha kuwa kazini bila sifa zinazotakiwa asome bila kuliacha darasa lake. Mwaka 2013 vyuo saba vya serikali viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na KIE ikawa sehemu mojawapo, Koleji ya Elimu, ambayo baadaye makao yake yalihamishiwa Rukara, wilayani Kayonza, katika Mkoa wa Mashariki.

Tangu 1966 hadi 2013 ni miaka 47. Katika muda huo nchi hii iliwajengea walimu wake wa sekondari nyumba mara mbili, na mara mbili nyumba hiyo ikaingizwa ndani ya nyumba kubwa zaidi. Sisemi kwamba waliofanya hivyo walikosea. Sababu zao zilikuwa na uzito: nchi ni ndogo, fedha ni chache, maktaba mbili nusu hazilingani na maktaba moja kamili. Nasema tu kwamba jambo lililotokea mara mbili si ajali, na lafaa kufikiriwa.

Wala si Rwanda pekee. Kule Kenya, Chuo cha Ualimu cha Siriba kiliunganishwa na jirani yake, Chuo cha Serikali cha Maseno, mwaka 1990, kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu cha Maseno. Uganda iliunganisha vyuo vitatu mwaka 2003 kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo, na kimojawapo kilikuwa taasisi ya walimu. Tanzania ilikigeuza Chuo cha Ualimu cha Chang'ombe kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam mwaka 2005. Hapo angalau neno elimu lilibaki katika jina. Marekani ndiko mwendo huu ulikoenda mbali zaidi. Shule ya kwanza ya umma ya kuwaandaa walimu huko ilifunguliwa Lexington, Massachusetts, mwaka 1839. Shule za aina hiyo ziliitwa kwa jina lililotoka Ufaransa, lenye maana ya shule ya kigezo. Katika jimbo la Illinois iko shule ya namna hiyo iliyoanzishwa mwaka 1857. Leo ni chuo kikuu kinachofundisha karibu kila kitu, na neno lile liliondolewa katika jina lake katika miaka ya 1960, lakini mji uliokizunguka bado unaitwa Normal. Mgeni anayepita hapo hucheka, asijue kwamba ni kumbukumbu ya walimu.

Turudi kwenye swali letu. Chuo cha ualimu, kwa maoni yangu, kina wadai wawili. Mdai wa kwanza ni raia. Yeye ndiye aliyelipa kodi iliyojenga kuta, na aghalabu anaishi ng'ambo ya ua, akisikia kengele ya chuo kila asubuhi bila kujua ndani kunasemwa nini. Hapa Kigali neno jamii si neno la hotubani tu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi sote hutoka kwa umuganda, mkufunzi na mfua nguo, tukazibua mifereji na kufyeka vichaka, kisha tukaketi kwenye mkutano. Basi wakufunzi na majirani hujuana kwa jembe. Kwa kitabu hawajuani. Raia huyu akiuliza, "Kwa nini ukumbi ule unabaki mtupu tangu saa kumi na moja jioni, na binti yangu hana mahali pa kujifunza hesabu za biashara?" ameuliza swali la haki, na kumjibu kwamba chuo si cha watu kama yeye ni kumtukana kwa fedha yake mwenyewe.

Mdai wa pili hayupo. Ni mtoto ambaye leo ana umri wa miaka mitatu, ambaye baada ya muda si mrefu ataingia darasa la kwanza na kumkuta mbele yake mtu aliyekwisha kuandaliwa, au asiyeandaliwa. Mtoto huyo hana kiti katika kikao cha bodi. Hatuandikii barua, hapigi kura, hana gazeti. Akidhulumiwa, dhuluma yake haionekani mwaka huu wala mwaka kesho. Yaonekana baada ya miaka kumi, na wakati huo walioidhinisha mpango wamekwisha kustaafu. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Ni rahisi kumlipa mdai anayegonga mlango. Yule asiyeweza kugonga ndiye anayepima uaminifu wetu.

Wako wenzangu ambao wakisikia hoja hii husimama papo hapo na kusema: basi chuo cha ualimu kibaki cha walimu, lango lifungwe, tusichanganye mambo. Mimi siwezi kufuata njia hiyo, na sababu yangu ni ya nchi hii. Zilikuwako shule za ualimu kabla ya 1994, zenye nidhamu, sare na kengele. Na walionusurika wameeleza mara nyingi jinsi katika madarasa ya enzi zile mwalimu alivyowaamuru watoto wasimame kwa makundi ya kabila, Wahutu kisha Watutsi, naye akiandika hesabu yao daftarini. Mtoto aliyekuwa hajui kabila lake alitumwa nyumbani kuuliza. Mwalimu aliyefanya hivyo hakukosa mafunzo. Alijua kupanga ubao, alijua kuandika andalio la somo, alijua kutunza daftari. Ndilo hasa alilokuwa akilitunza. Hatuwezi, baada ya hayo, kudai kwamba ukuta wa chuo peke yake hulinda utu wa mwalimu. Nyumba iliyofungwa yaweza kufundisha utii vizuri kuliko inavyofundisha dhamiri, kwa kuwa ndani yake hakuna jirani wa kuuliza kulikoni.

Kwa hiyo nauunga mkono upande wa kufungua lango, wala si kwa shingo upande. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika chuo cha ualimu mwenyeji ana maradhi yake. Kijana huingia humo akiwa na miaka kumi na minane au ishirini, akitoka shuleni moja kwa moja, na hutoka humo akirudi shuleni moja kwa moja. Hajapata kuketi darasani na mtu mzima aliyeshindwa na shule. Akiketi na fundi wa pikipiki mwenye miaka 35 anayejifunza kuandika stakabadhi, ataona kwa macho yake kile ambacho mwalimu fulani, mwaka fulani, alikiacha bila kukamilisha. Sijui kitabu cha saikolojia kinachofundisha hivyo.

Tunao mfano wa karibu wa chuo kilichokusudiwa tangu mwanzo kuwa cha jamii. Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma, kwa kuiga shule za wananchi za Sweden, ambazo nazo zilitokana na wazo la Grundtvig wa Denmark. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa huko Rødding mwaka 1844. Vyuo hivyo vya Tanzania, ambavyo idadi yake ilipita hamsini, viliwachukua watu wazima wa vijijini wajifunze useremala, uashi, ushonaji, kilimo na uraia. Yaani vilikuwa vyuo vya kumsaidia mtu aishi vizuri zaidi pale alipo. Kadiri miaka ilivyopita, shinikizo la vyeti na ajira liliongezeka, na vingi vilivutwa kuelekea mafunzo ya ufundi yenye mitihani. Naitaja habari hii kwa kuwa inaonyesha kwamba chuo cha jamii nacho hakisimami bila kulindwa. Chaweza kumezwa na cheti kama vile chuo cha ualimu kinavyoweza kumezwa na chuo kikuu.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili faida ya lango wazi ni kubwa kuliko ya wenzetu wa masomo mengine. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi kwa sheria, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo mwanachuo wetu hujifunza Kiswahili kitabuni, huku Kiswahili chenyewe kikipita barabarani. Kiko Biryogo na Nyamirambo, ambako wazee wamekisema tangu ukoloni. Kiko katika magari ya mizigo yanayotoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa Rusumo. Kiko Rubavu, ambako wanawake huvuka kila siku kwenda kuuza mboga Goma na kurudi. Wanawake hao wangependa kujifunza kuandika lugha wanayoisema. Wanachuo wetu wangehitaji kuisema lugha wanayoiandika. Lango ndilo linalowatenga.

Lakini hapa yafaa tuwe waangalifu, maana wepesi wa hoja hii umewapoteza wengi. Kuijua lugha si kujua kuifundisha. Chukua mfano mdogo. Mnyarwanda huzichanganya r na l, kwa kuwa katika lugha yake sauti hizo hazitenganishi maana kama zinavyotenganisha katika Kiswahili. Mtoto husema "nataka kura," na darasa zima hucheka, kwa kuwa aliyetaka chakula ameomba karatasi ya uchaguzi. Dereva wa lori kutoka Tanga atamsahihisha mtoto yule mara mia, "sema kula, sema kula," wala hatafika popote, kwa kuwa hajui kwamba sikio la mtoto halisikii tofauti hiyo. Mwalimu aliyeandaliwa hujua kuanza na sikio: huyapanga maneno wawiliwawili, kama kula na kura, akiyatamka huku mtoto akiinua kidole tu, bila kusema chochote, mpaka sikio lifunguke. Kisha ndipo huujia ulimi. Hujua vilevile pale ambapo Kinyarwanda ni msaada: mtoto anayesema igitabo na ibitabo nyumbani hahitaji kufundishwa ngeli ya kitabu na vitabu kama mgeni, ahitaji kuonyeshwa kwamba tayari anayo. Maarifa haya hayapatikani barabarani, na hayapatikani katika mhadhara wa watu 200. Hupatikana kwa njia moja niijuayo: kijana anafundisha, mkufunzi ameketi nyuma ya darasa na daftari, na baada ya kipindi wawili hao hukaa chini ya mti na kulipitia somo dakika kwa dakika. Kesho yake kijana hulifundisha tena.

Hicho ndicho kitu ambacho chuo cha ualimu hakiwezi kukigawa bila kukiua. Maktaba yaweza kugawanywa, na ukumbi, na uwanja, na hata mhadhiri wa historia. Somo linalotazamwa haligawanyiki. Ni kazi ya gharama, maana mkufunzi mmoja hawezi kuwatazama vizuri wanachuo wengi kwa wiki. Yataka shule ya mazoezi iliyo karibu, yataka nauli, yataka uvumilivu. Nayo haileti ada. Chuo kinapofungua kozi za kompyuta na uhasibu za jioni, kozi hizo huleta fedha tangu muhula wa kwanza. Hakuna haja ya mtu mwovu kuwapo. Ratiba yenyewe, ikiachwa ijiendeshe, itakihamisha chumba kizuri kutoka kwa anayejifunza kufundisha hadi kwa anayelipa. Mkufunzi naye atafuata posho, na nani atamlaumu, ana watoto wa kusomesha. Baada ya miaka michache mazoezi ya kufundisha yamekuwa ziara moja ya dakika ishirini, sahihi katika fomu, na mkono wa kwaheri.

Nimeambiwa mara kwa mara kwamba nasahau suala la heshima: kwamba mwalimu aliyehitimu chuo kikubwa huheshimiwa kuliko aliyehitimu chuo cha walimu tu, na kwa hiyo kuunganishwa ni kumpandisha. Hoja hii ina ukweli wake, na ni mzaha kumwambia kijana maskini asijali jina lililo katika cheti chake. Lakini heshima ya mwalimu haipandi kwa kubadili kibao cha barabarani. Agosti 2022 serikali ilipoongeza mishahara ya walimu wa shule za msingi wenye cheti kwa asilimia 88, na ya wenye diploma na digrii kwa asilimia 40, vijana waliacha kuniuliza kwa nini nilichagua kazi hii. Hakuna chuo kilichobadilishwa jina siku hiyo.

Je, wadai wawili waweza kulipwa kwa pamoja? Baadhi ya wenzangu wanapendekeza jambo ambalo kwa mara ya kwanza kulisikia lanifurahisha. Wanasema: majirani waje jioni kujifunza Kiswahili cha biashara, hesabu na kusoma, wanachuo ndio wawafundishe, wakufunzi waketi nyuma na daftari. Saa moja ya jioni ingelipa madeni yote mawili. Mama wa Rubavu angepata barua yake, kijana angepata somo lake kutazamwa, na ukumbi usingekaa mtupu.

Napenda pendekezo hili, na ningetaka lijaribiwe. Ila lina mambo mawili ambayo wapendekezaji hawayapimi sawasawa. La kwanza ni la adabu. Mtu mzima aliyefanya kazi mchana kutwa, akaja kwa miguu, akalipa ada yake, si kitu cha kufanyiwa mazoezi. Akigundua kwamba kila wiki anafundishwa na mwanagenzi mpya ili mwanagenzi huyo apate alama, ataona ameitwa chuoni kwa faida ya wengine. Basi aambiwe tangu mwanzo, aridhie, asitozwe kama anayefundishwa na mwalimu kamili, na mkufunzi awe tayari kusimama na kulichukua somo linapoharibika. La pili ni gumu zaidi. Kumfundisha mama mwenye miaka arobaini anayejua anachotaka si sawa na kuwafundisha watoto hamsini wenye miaka saba, ambao wawili wanalala, mmoja analia, na wengine wote wanasema "nataka kura." Anayehitimu kwa kuwafundisha watu wazima tu atakuwa amejifunza nusu ya kazi, na nusu iliyobaki atajifunzia kwa watoto wa watu.

Kwa hiyo hata chuo kikifunguliwa kwa ukarimu wote, bado itahitajika shule ya msingi ng'ambo ya barabara, yenye mlango unaokubali wanachuo asubuhi, na fungu katika bajeti linalotajwa kwa jina lake, lisilohamishika kwenda kozi nyingine mwaka wa fedha unapokuwa mgumu. Mkataba wa chuo ulitaje fungu hilo kabla ya kutaja kozi mpya hata moja. Tukialikwa vikaoni kutoa maoni juu ya mabadiliko ya namna hii, mara nyingi huwa tunauliza vyumba vitakuwa vingapi na diploma itaitwaje. Mimi ningeuliza kwanza ni nani atakayeketi nyuma ya darasa, siku zipi, na nauli yake italipwa na nani.